ZIWA BARINGO: JINA LAKE NA SIRI YA MAJI YAKE

Mtu atakaye kuifahamu nchi yake na aanze na majina yake. Kila mlima, kila mto na kila ziwa lilipewa jina na watu, nao walikuwa na sababu yao. Mara nyingine sababu hiyo hujulikana hata na watoto. Mara nyingine imesahauliwa, jina likabaki sauti tupu mdomoni.

Katika Bonde la Ufa la Kenya, upande wa kaskazini wa Nakuru, liko ziwa ambalo jina lake lilifika Ulaya na kuchorwa katika ramani miaka ishirini kabla Mzungu yeyote hajafika ufukoni kwake. Tena lilichorwa mahali pasipo pake. Ziwa hilo ni Baringo. Somo hili lahusu mambo mawili. Kwanza, jina hilo lilitoka wapi na maana yake ni nini. Pili, kwa nini maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, hali maziwa mengi ya jirani ni magadi matupu. Jambo la pili si la kufurahisha akili tu, kwa maana uhai wa maelfu ya watu na mifugo wategemea maji hayo, na katika miaka ya karibuni yameingia katika hatari.

NJIA YA KUTOKA NAKURU

Mji wa Nakuru uko juu, yapata mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi zake zina baridi, na mashamba ya pande zake yastawisha mahindi na ngano. Msafiri aendaye Baringo hushika barabara ya kaskazini, akapita Mogotio penye mashamba ya mkonge, na karibu na hapo huvuka mstari wa Ikweta. Kutoka hapo nchi yazidi kushuka na joto lazidi kupanda. Mahindi yaisha, migunga na vichuguu vyaanza, na badala ya ng'ombe wa maziwa msafiri huona mbuzi wengi. Upande wa kushoto vyasimama vilima vya Tugen, ambavyo katika vitabu vya zamani viliitwa Kamasia. Upande wa kulia waonekana ukuta wa nyanda za Laikipia. Baada ya mji wa Marigat safari imekaribia mwisho, na mwendo wa kilometa zipatazo 120 tangu Nakuru humfikisha mtu Kampi ya Samaki, ukingo wa magharibi wa ziwa.

Ziwa Baringo liko katika kimo cha mita 970 hivi. Basi msafiri ameshuka karibu mita 900, kama mtu aliyetoka darini akaingia uani. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 ziwa lilikuwa na urefu wa kilometa 21 hivi kutoka kusini hadi kaskazini, na upana wa kilometa 13, na eneo lake lilikuwa kilometa za mraba zipatazo 130. Katikati mna visiwa, navyo ni vichwa vya milima ya moto ya zamani. Kilicho kikubwa kabisa ni Ol Kokwe, na mpaka leo chemchemi za maji ya moto zafoka ukingoni mwake.

Rangi ya ziwa ni ya udongo. Mito yake mikubwa, Molo na Perkerra, yatoka nyanda za juu za kusini penye mvua nyingi, na Ol Arabel watoka upande wa Laikipia. Yote huchukua udongo wa vilima na kuumwaga ziwani. Mgeni akiona maji hayo mekundu hudhani ni mabaya kupita ya Nakuru au ya Bogoria, ambayo kwa mbali yang'aa kama kioo. Lakini akiyaonja atajua kosa lake. Maji yang'aayo ni magadi yachomayo ulimi. Maji mekundu ya Baringo ndiyo yanywewayo na ng'ombe, ndiyo yenye ngege na kambare, viboko na mamba. Binadamu naye huyatumia, ingawa yapasa kuchujwa na kuchemshwa kwanza.

JINA LILILOTANGULIA ZIWA

Zamani watu wa Ulaya walipotaka kuchora ramani ya bara la Afrika ya Mashariki, hawakuwa na habari ila zile walizopewa na wafanya biashara wa pwani. Wamisionari waliokaa Rabai, karibu na Mombasa, waliwauliza wachuuzi wa pembe za ndovu mambo ya huko bara. Kila mchuuzi, kwa njia yake aliyoipita, alisema ya kwamba mwisho wa safari kuna maji makubwa. Mmoja alitaja Nyasa, mwingine Nyanza, mwingine akasema ni bahari tu. Wamisionari wakayaunganisha maneno hayo yote, na mwaka 1856 ikatolewa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lenye umbo kama la konokono asiye na kombe. Wachuuzi hawakusema uongo. Kila mmoja alisema kweli juu ya ziwa lake, bali msikilizaji aliyafanya maziwa matatu kuwa moja.

Jina la Baringo lilipatwa na mkasa wa namna hiyo. Mwingereza Speke alifika mahali Nile itokapo katika Nyanza mnamo Julai 1862. Alipokuwa huko alisikia habari za maji mengine upande wa mashariki yaitwayo Baringo. Hakuenda kuyaona. Katika ramani yake Baringo liliwekwa kaskazini-mashariki ya Nyanza, karibu nayo sana, hata likadhaniwa kuwa yameshikana. Na mto Asua ukaonyeshwa kama njia ya kupeleka maji yake katika Nile. Wenye elimu wa Ulaya wakashindana kwa miaka mingi: je, Baringo ni ziwa kweli, au ni mkono tu wa Nyanza?

Mwaka 1875 Stanley aliizunguka Nyanza kwa mashua, akahakikisha ya kuwa ni ziwa moja lililofungwa na nchi kavu. Mto Asua nao, kama ijulikanavyo leo, waanzia kaskazini-mashariki ya Uganda, wala hauhusiani na Baringo hata kidogo. Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, na neno lililopigwa chapa ni gumu kufutika.

WALIOLIJUA KWA MIGUU

Katika mashindano hayo yote walikuwapo watu waliolijua ziwa kwa yakini, nao ni watu wa misafara kutoka Pwani. Walikwenda huko kutafuta pembe, wakahesabu njia kwa siku za mwendo na kwa vituo vya maji. Mmisionari Wakefield, aliyekaa Ribe, aliandika njia za misafara ya bara kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara, na maandishi hayo yakatolewa London mwaka 1870. Hivyo elimu ya bara ilianza kuandikwa kutoka vinywani mwa wale waliokwenda wenyewe.

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 25, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kupita nchi ya Wamaasai hadi Nyanza. Huko njiani aliungana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanya biashara mashuhuri kutoka Pangani, aliyezijua njia za bara na desturi za wenyeji. Wakapita Naivasha, wakashuka Baringo. Thomson akaona kwa macho yake: ziwa dogo, limezungukwa na milima, halikushikana na Nyanza wala halitoi mto wowote uonekanao. Ukawa mwisho wa ubishi wa miaka ishirini.

Jumbe Kimemeta alirudi Baringo pamoja na msafara wa Count Teleki na von Höhnel katika miaka ya 1887 na 1888, nao wakaendelea kaskazini mpaka ziwa kubwa la jangwani. Sifa za safari hizo zilikwenda kwa wakuu wa misafara, lakini bila viongozi na wapagazi wa Pwani pasingalikuwa na safari hata moja.

MAANA YA NENO BARINGO

Sasa na liulizwe swali ambalo Speke hakupata wa kumjibu: Baringo maana yake nini?

Kando ya ziwa, kusini na mashariki, na katika visiwa pia, wanakaa Il Chamus. Hao husema lugha ya Maa, iliyo karibu sana na Kisamburu, na ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha. Lakini kazi zao zatofautiana na za Wamaasai. Wao ni wafugaji, tena ni wakulima wa tangu zamani, tena ni wavuvi. Huvua samaki katika vyombo vidogo vilivyofungwa kwa miti myepesi kama mabua iotayo ukingoni mwa ziwa, na mvuvi hukaa ndani akipiga makasia madogo kwa mikono miwili. Upande wa magharibi, vilimani, wanakaa Watugen. Kaskazini wako Wapokot.

Katika lugha ya Il Chamus neno *mparingo* maana yake ni ziwa. Basi. Si jina la mfalme wala la shujaa. Mgeni aliuliza, "Kile ni nini?" Mwenyeji akajibu, "Ni ziwa." Mgeni akaandika: Baringo. Sauti ya kwanza ikapotea njiani, P ikageuka B. Kwa hiyo mtu asemapo "Ziwa Baringo" amesema "Ziwa Ziwa".

Jambo hili si la kuchekwa, kwa maana limetokea mahali pengi. Nyasa, kwa Kiyao, ni ziwa. Nyanza, kwa watu wengi wa pande zake, ni maji makubwa. Mtu anayekaa karibu na ziwa moja tu hana haja ya kulipa jina la pekee, kama vile mtoto hana haja ya kumwita mama yake kwa jina. Wageni watokao mbali ndio wahitajio jina la kupambanua ziwa hili na lile. Hapo ndipo kosa la ramani za zamani lilipoanzia. Neno lilisafiri peke yake, likaachana na watu wenye kujua maana yake.

Hata jina la wenyeji lilipindwa vivyo hivyo. Wageni walilisikia neno Chamus, wakalitamka na kuliandika Njemps. Wachuuzi wa Pwani waliovikuta vijiji viwili vya watu hao wakaviita Njemps Kubwa na Njemps Ndogo, na Njemps Ndogo ni jina la mahali hata leo. Vijiji hivyo vilikuwa ghala ya misafara. Il Chamus walikuwa wamechimba mifereji kutoka mito ya Molo na Perkerra, wakamwagilia mashamba ya mtama na wimbi katika nchi kavu. Msafara uliotoka katika nchi ya wafugaji wasiolima, njaa ikiwa imewashika wapagazi, ulipata nafaka hapo ya kununua kwa shanga na nguo. Kampi ya Samaki nalo ni jina la Kiswahili, bali ni Kiswahili cha bara: mtu wa Pwani angalisema "kambi".

MAJINA YALIYOKAA NA YALIYOPITA

Inafaa kulinganisha jina hili na ya jirani zake. Nakuru na Naivasha yote mawili yana asili ya Kimaasai: la kwanza huelezwa kuwa lahusu vumbi, na la pili lahusu maji yenye mawimbi. Kila atakayesimama Naivasha wakati wa alasiri, upepo ukivuma, ataona ya kwamba waliolitoa jina hilo walikuwa na macho.

Lakini kusini ya Baringo kuna ziwa la magadi, maarufu kwa chemchemi zifokazo mvuke na kwa makundi ya heroe. Askofu James Hannington alipita njia hiyo mwaka 1885 alipokuwa akienda Uganda, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka uo huo. Baadaye ziwa likaandikwa katika ramani Ziwa Hannington. Baada ya Uhuru jina hilo likaachwa, na sasa laitwa Bogoria. Vivyo hivyo lile ziwa kubwa la kaskazini, ambalo Teleki aliliita Rudolf mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, lilibadilishwa mwaka 1975 likawa Turkana.

Katika mabadiliko hayo yote Baringo halikuguswa. Neno lenyewe lilikuwa la wenyeji tangu mwanzo, ingawa lilichakaa njiani. Tena limekua kuliko lilivyokuwa. Lilikuwa jina la wilaya wakati wa ukoloni, na tangu 2013 kaunti nzima yaitwa Baringo, ambayo wakazi wake walio wengi ni Watugen na makao yake makuu ni Kabarnet, juu kabisa vilimani, mbali na maji. Neno la watu wachache limekuwa anwani ya watu wengi. Na hao wachache wenyewe walilazimika kwenda mahakamani ili watambuliwe: mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua ya kuwa Il Chamus ni jamii ndogo ya pekee, na kwamba wana haki ya kuwakilishwa.

KWA NINI MAJI YAKE NI BARIDI

Sasa na tugeukie fumbo la pili. Jua la Baringo ni kali, na mvua ni haba. Maji ambayo jua hufyonza ziwani kila mwaka yapita mara mbili na zaidi ya mvua inyeshayo juu yake. Hakuna mto utokao. Kwa kanuni, ziwa la namna hiyo hugeuka kuwa magadi.

Sababu yake yaweza kuonekana jikoni. Chukua chungu cha maji ya mto, weka motoni, yakipungua ongeza mengine ya mto huo huo, na endelea hivyo siku nyingi. Maji huenda zake kwa mvuke, lakini chumvi kidogo iliyokuwa ndani yake haina njia ya kutoka. Hubaki chunguni, ikazidi siku kwa siku, mpaka maji yawe machungu na ukoko mweupe ushike kando. Ndivyo yalivyofanyika maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria. Hayo ni vyungu vilivyochemshwa na jua kwa maelfu ya miaka.

Lakini chungu kikiwa na ufa mdogo chini, maji ya zamani huvuja pole pole pamoja na chumvi yake, na maji mapya huchukua nafasi. Hicho hakiwi kichungu kamwe. Wataalamu wa miamba wanaamini ya kuwa Baringo ni chungu cha namna hiyo. Upande wa kaskazini ziwa limezuiwa na miamba ya milima ya moto, nayo imepasuka-pasuka kwa sababu ya kupanuka kwa Bonde la Ufa. Maji hupenya katika nyufa hizo na kwenda chini kwa chini upande wa kaskazini, ambako nchi yazidi kuinama. Huko Kapedo, mwendo wa kilometa nyingi kutoka ziwani, hufoka chemchemi kubwa za maji ya moto, na yafikiriwa kwamba sehemu ya maji hayo ni ya Baringo, yaliyopashwa moto na miamba ya chini. Chemchemi hizo huulisha mto Suguta, uendao kaskazini katika bonde kavu na kuishia katika Ziwa Logipi, lililo magadi. Chumvi ambayo ingalikaa Baringo yachukuliwa jangwani.

Naivasha nalo ni ziwa la maji baridi lisilo na mto utokao, na siri yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo Thomson alisema kweli ya kwamba Baringo halina mto wa kutokea uonekanao. Mlango wake umefichwa chini ya ardhi. Watu husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nyumba huharibiwa na ufa, lakini ziwa hili huishi kwa huo.

MAJI YALIPOPANDA

Tangu 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yameinuka kwa namna iliyowashangaza wengi. Si mara ya kwanza kwa maji kupanda: mvua kubwa za 1961 ziliinua maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki, Victoria likiwamo. Lakini safari hii watu ni wengi zaidi ukingoni, na hasara imekuwa kubwa. Baringo lilipanuka sana kupita mipaka yake ya zamani. Kufikia mwaka 2020 shule, zahanati, nyumba za wageni, mashamba na malisho yalikuwa yamefunikwa, na jamaa nyingi zililazimika kuhama. Mamba na viboko walisogea pamoja na maji mpaka penye makao ya watu. Mahali paitwapo Longicharo, palipokuwa rasi, pakawa kisiwa, na twiga wakakwama juu yake. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa kwa chelezo mpaka nchi kavu.

Taarifa ya serikali ya Kenya ya mwaka 2021 ilieleza sababu. Kubwa ni wingi wa mvua katika vilima itokako mito. Kisha ikatajwa hali ya ardhi: miti ikikatwa na majani yakiliwa yote, mvua haizami bali hutelemka na udongo, na udongo huo hujaza ziwa kutoka chini. Wengine waliuliza kama miamba ya chini nayo imesogea.

Hatari kubwa haiko Baringo penyewe bali Bogoria. Ziwa hilo la magadi nalo limepanda, na ukingo wake wa kaskazini umekaribia ukingo wa kusini wa Baringo kuliko zamani. Tena Bogoria liko juu kidogo. Maji yakizidi na kupata njia, magadi ndiyo yatakayoteremka na kuingia katika maji baridi. Aina ya ngege wa Baringo haipatikani mahali pengine ulimwenguni. Ng'ombe wa Il Chamus, mbuzi wa Wapokot, na nyavu za wavuvi wa Kampi ya Samaki, vyote vyategemea ladha ya maji hayo. Ziwa lililosalimika na chumvi kwa maelfu ya miaka laweza kuharibiwa na jirani yake.

Hapa wenye kuishi ukingoni wana kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya. Mkulima wa vilimani akipanda miti na kuzuia mmomonyoko wa shamba lake, amepunguza udongo uendao ziwani hata kama hajaliona maishani mwake. Mzee wa Il Chamus akionyesha mahali maji yalipofika katika siku za ujana wake, amempa mtaalamu kipimo kisichoandikwa katika kitabu chochote. Ramani ya Speke ilikosea kwa sababu neno lilichukuliwa na wenye neno wakaachwa. Methali yasema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo". Na wa kuulizwa habari za ziwa ni wale ambao kwao jina lake ni ziwa tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ramani ya mwaka 1856 ilionyesha ziwa moja tu katikati ya bara?
2. Neno *mparingo* lina maana gani? Taja maziwa mengine mawili ambayo majina yao yana maana kama hiyo.
3. Jumbe Kimemeta alikuwa nani, na ni misafara gani miwili aliyokwenda nayo Baringo?
4. Eleza kwa mfano wa chungu kwa nini Bogoria ni magadi na Baringo ni maji baridi.
5. Uliza wazee wa kwenu maana ya jina la mto au mlima ulio karibu nawe, ukaliandike pamoja na jina la lugha iliyolitoa.